Maji ya Ijumaa

Ujumbe wa kwanza ulinikuta nikipiga mswaki. "Kipimo cha dawa kimeshuka kwenye birika. Nimeongeza." Niliusoma huku povu likinichuruzika kidevuni, nikajiuliza ni nani huyo aliyeongeza. Dawa ilikuwa ndani ya kibanda, kibanda kilikuwa na kufuli, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na mtu pekee aliyeajiriwa kutia dawa katika maji yale ni mimi, niliyekuwa nimesimama karoni na mswaki mdomoni.

Nilivaa shati nikatoka mbio mpaka kisimani, mwendo wa vichochoro vichache tu hapa Mishomoroni. Kufuli ilikuwa mahali pake. Ndani, kisanduku cha kijani kilikuwa ukutani kinawaka taa, na pampu yake ndogo ilikuwa ikitonesha klorini tone baada ya tone kwenye mpira unaoingia birikani. Hakukuwa na mtu. Nilikwishafundishwa kwamba kisanduku kitafanya hivyo chenyewe, nikaitikia kwa kichwa darasani pamoja na wenzangu. Lakini kufundishwa ni kitu kimoja, na kuambiwa "nimeongeza" na kitu kisicho na mikono ni kitu kingine. Nilirudi nyumbani nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Kisima ni cha Bimkubwa. Mtaa mzima unamwita hivyo, nami sina jina jingine la kumwita. Ni mtu wa nyumba za kale za Mvita aliyevuka ng'ambo hii na mumewe wakati minazi huku ilikuwa mingi kuliko mapaa. Mumewe ndiye aliyechimbisha kisima uani na kujenga birika la saruji kando yake, nusu limo ardhini, lenye kifuniko kidogo cha mbao. Kabla ya kufariki aliacha neno kwamba mpita njia yeyote mwenye kikombe anywe bila kuulizwa yeye ni nani. Neno hilo limeshikwa mpaka leo. Wenye mitungi ya plastiki huchangia kidogo kwa ajili ya umeme na dawa, lakini bomba la kikombe, lile linalotazama barabara, halina mwenyewe.

Mimi ni Mgiriama wa upande wa Kaloleni, mtu wa kanisani, na nilipoanza kazi pale sikuelewa kwa nini mama mtu mzima anakaa barazani kutwa akitazama bomba. Alinieleza mwenyewe. Yale maji ni sadaka ya mumewe, na sadaka ya maji haikatiki maadamu kuna anayekunywa. Kila kinywa kinacholowa, marehemu anaandikiwa fungu lake huko aliko. "Siku yatakapokosa mnywaji, mwanangu," aliniambia, "mume wangu atakuwa amekatikiwa." Kanisani kwetu hatukufundishwa hivyo. Lakini niliuona uso wake alipolisema, na tangu siku hiyo nilijua kwamba kazi niliyopewa si ya kufungua na kufunga bomba tu. Kila jioni nilipokwenda kuaga aliniuliza neno lile lile: "Yeo wamekunywa?" Nami nikamjibu, "Leo wamekunywa, Bimkubwa." Ndipo alipoingia ndani.

Ule mradi wa mashine ulikuja baada ya mvua moja mbaya, iliyoingiza uchafu wa vyoo katika visima vingi vya mtaa na kulaza watoto kwa kuhara. Waliokuja walikuwa watu wa heshima. Walitumbukiza birikani vijiti vinne vyenye waya, wakaviita vihisi. Kimoja hupima dawa, kimoja chumvi, kimoja uangavu wa maji, yaani yametulia au yametibuka, na cha nne sikukielewa siku hiyo na sijakielewa mpaka leo. Vijiti husema na kisanduku, kisanduku husema na simu yangu, na katikati yao kuna hiyo wanayoiita akili mnemba, inayokaa sijui wapi, ikiyaangalia maji yetu na kuamua yanahitaji nini.

Fundi wao alikuwa dada mmoja wa bara, mpole, mwenye begi kubwa kumshinda. Alinionyesha mistari kwenye simu, mmoja buluu na mmoja mwekundu, inapanda na kushuka. Nilimuuliza akili hiyo inajuaje mambo ya birika hili ambalo haijawahi kuliona. Akasema inajisomesha. Kila siku inayopita inazoea tabia za maji, mpaka inaweza kukisia kesho yatakuwaje. Nikamuuliza tena, maji yana tabia? Akacheka, akasema kila kitu kina tabia. Nilinyamaza, maana kuna kiwango cha kutoelewa ambacho mtu akikifikia ni afadhali anyamaze.

Na sitaidhulumu mashine. Mvua zilizofuata, asubuhi moja ilifunga bomba yenyewe na kunitumia ujumbe kwamba maji yametibuka. Mimi niliyatazama kwenye gilasi nikaona ni maji tu. Watu walinitukana nusu ya siku. Jioni tukasikia kwamba nyumba zilizokunywa katika kisima cha nyuma yetu zote zinaumwa matumbo, na kwetu hakuumwa mtu. Bimkubwa alitoka barazani akaja mpaka kibandani, akakishika kisanduku kwa kiganja, akakiombea dua. Nami siku hiyo nilikipenda.

Basi balaa ilipoanza sikuweza kusema tu king'olewe.

Ilianza na ladha. Asubuhi za Ijumaa maji yakatoka na harufu ya wodi, dawa kali iliyochanganyika na kitu kingine cha kuungua ambacho ulimi haukupata jina lake. Kuonja ni kazi yangu. Kila nikifungua huonja, nikasukutua, nikatema. Ijumaa ile nilitema nikabaki na ladha mdomoni mpaka adhuhuri. Simu ilikuwa na ujumbe: "Kipimo cha dawa kimeshuka. Nimeongeza." Ijumaa iliyofuata, hivyo hivyo. Jumamosi yakaanza kupoa, kufika Jumatatu yakawa matamu, na Ijumaa tukarudi tulikotoka.

Jambo lililonivuruga ni hili: kama dawa imeshuka, mbona maji yananuka dawa? Nilisimama mbele ya kisanduku nikakiuliza kwa sauti, na nashukuru hakuna aliyenisikia.

Wateja walikuwa na majibu mengi kuliko mimi. Vijana wa bandarini waliopanga nyumba nyuma ya msikiti, watu wa bara hao, walisema kampuni inatuuzia klorini ya kuoshea vyoo. Mama muuza viazi karai alisema ni bamvua. Bahari ikijaa sana chumvi hupenya chini kwa chini na kugombana na dawa. Nikaangalia mwezi wiki nzima, bamvua ikaja Jumanne, maji yakawa mazuri, ikabidi nimrudishie elimu yake. Mzee mmoja alininong'oneza kwamba kisima kina mwenyewe, na huyo mwenyewe hataki nyaya. Nilimcheka mchana, lakini jioni wakati wa kufunga kifuniko sikuchungulia ndani.

Nilimpigia dada wa mitambo, akaja na begi lake. Alipima, akafungua kompyuta juu ya mapaja, akasogeza mistari mbele na nyuma kwa muda mrefu.

"Vihisi viko sawa, mzee," akasema mwishowe. "Ni maji ndiyo hayako sawa. Kuna kitu kinakula dawa kila Alhamisi jioni, na mimi sikijui."

Alidhani pengine ni josho la Ijumaa, watu wakichota kwa wingi maji ya kuogea tangu alfajiri. Tukahesabu, haikuwa hivyo. Alidhani kuna bomba la maji machafu limepasuka, lakini bomba gani linapasuka Alhamisi tu? Kilichomshangaza zaidi, akili ile nayo ilikuwa imeshika kalenda. Kwa kuwa Ijumaa zote zilikuwa mbaya, sasa haikusubiri tena. Ilianza kumimina dawa tangu Alhamisi mchana, ikijitayarisha. Nilimwambia basi aifute. Akasema hiyo ndiyo ile iliyowaokoa watu wa hapa na kuhara, aifute kwa sababu gani, na aiambie nini? Aliondoka amekunja uso, nami nikabaki na ujinga wangu, sasa tukiwa wawili.

Mwenye kuumia alikuwa Bimkubwa. Ijumaa ndiyo siku ambayo bomba la kikombe lilikuwa likipata watu wengi, wanaume wakitoka kuswali, kila mmoja akiinama apate funda moja kabla ya kwenda zake. Sasa aliwaona wakipita. Mgeni mmoja asiyejua habari alikinga kikombe, akapeleka mdomoni, akatema ukutani mbele ya baraza, akafuta ulimi kwa kanzu. Hakufanya kwa ubaya. Lakini nilimwona Bimkubwa akivuta buibui lake na kugeuza uso ndani, na jioni nilipokwenda kuaga aliniuliza swali lake kwa sauti ndogo. Nilishindwa kusema wamekunywa, nikasema wapo waliokunywa. Alijua tofauti.

"Mwanangu, nisaidie," akasema. "Yule marehemu wangu asitupiwe maji yake."

Niliumia. Nilikwenda nyumbani nikamgombeza mke wangu kwa sababu ya chumvi ya mboga, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Alhamisi jioni mimi huwa sipo. Hufunga bomba baada ya alasiri nikaenda mazoezi ya kwaya Kiembeni, na Bimkubwa analijua hilo, tena hunikumbusha nisichelewe. Alhamisi moja mwalimu wa kwaya alipatwa na homa, tukaambiwa tutawanyike. Nikiwa njiani nikaona bora nipite kisimani nikaangalie kisanduku kinafanya nini saa ambazo sipo. Jua lilikuwa bado halijazama. Uani kulikuwa na harufu nzuri, ile ya Alhamisi, nyumba zote za mtaa wetu zikifukiza ubani kuipokea Ijumaa. Na pale kwenye birika, Bimkubwa alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, kifuniko kiko wazi, akiteremsha kwa waya chetezo chenye makaa mekundu na ubani unaofuka. Alikiteremsha mpaka kikaning'inia juu kidogo ya maji, akafunga waya kwenye chuma cha ukingo, akarudisha kifuniko kwa taratibu ya mtu anayefunika mtoto aliyelala. Moshi ukabaki ndani.

Nilisimama. Kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu, kwamba si jini. Kisha nikahisi kwamba nimepotea zaidi.

"Shikamoo, Bimkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Yeo hukwenda kuimba?" Hakushtuka hata kidogo. Hakuwa akificha kitu. Alinieleza huku akijipangusa masizi kwamba mamake akifukiza mtungi hivi hivi, mtungi wa maji ya kunywa hauachwi kunuka udongo mbele ya wageni. Na marehemu mumewe alikuwa hanywi maji yasiyopitiwa na ubani. Walipoanza watu kusema maji yana dawa, akaona dawa yake ni hiyo. Mtungi ni mmoja tu, na wanywaji ni wa birika, basi akafukiza birika. Wa kwanza aliyelalamika alikuwa fundi wa cherehani wa mbele, wiki chache baada ya mashine kufungwa, tena alilalamika kidogo tu. "Lakini hiyo dawa ina nguvu," akasema. "Kila nikizidisha ubani, nayo yazidi."

Nilikaa kwenye ukingo wa birika. Kichwani mwangu mistari ya buluu na nyekundu ilikuwa ikizunguka. Yeye anatia moshi kwa sababu ya dawa. Kisanduku kinatia dawa kwa sababu ya moshi. Na mimi katikati yao, mwenye ufunguo, nimekwenda kuimba.

Sikumwambia kitu jioni ile. Utamwambiaje mama wa makamo yale, katika ua wake, juu ya birika la mumewe, kwamba ubani wake ndio unaoharibu? Na sikuwa na hakika. Ubani ni kitu kizuri. Wenzetu huufukizia wageni na misiba, na hata baba yangu kule nyumbani hakuwa akiucheka. Nilimpigia dada wa mitambo nikamsimulia. Aliniuliza chetezo kilining'inia umbali gani na maji.

Kisha akanieleza, na safari hii nilielewa. Moshi ukifungiwa juu ya maji huingia ndani ya maji. Klorini hukimbilia kupigana nao, ikaisha. Ndipo kijiti kikaona dawa imeshuka, na kisanduku kikaongeza. Na moshi na klorini vikishikana huzaa ladha ya tatu, mbaya kuliko vyote viwili, ile ya wodi iliyoungua. Nikamuuliza atakuja lini kumwambia Bimkubwa. Akasema, "Mzee, hiyo ni yako. Mimi naogopa."

Nilimwambia Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno marefu ya kuzunguka, nikayasahau yote, nikasema tu kama nilivyoambiwa. Alisikiliza akiwa ameshika tasbihi, vidole vimesimama.

"Kwa hivyo aliyewafukuza watu," akasema, "ni mimi."

"Si wewe peke yako, Bimkubwa. Na mashine pia. Kila mmoja wenu alikuwa akitengeneza."

"Miye nikamkatia mume wangu."

Nilitamani mwalimu wangu wa kwaya, au imamu wao, au mtu yeyote aliyesomea kuzungumza na watu, awe pale badala yangu. Alikiingiza chetezo ndani, na Alhamisi iliyofuata mtaa mzima ulinukia isipokuwa ule ua.

Nilikwenda kufungua Ijumaa nikiwa na moyo mweupe. Nikaonja, nikatema. Maji yalikuwa makali kupita siku zote, klorini tupu inayochoma pua. Kwenye simu: "Natarajia kipimo kushuka. Nimeongeza mapema." Kumbe moshi umeacha kuja, na kisanduku bado kinaungoja. Nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na sijui yalikuwa ya nini. Bimkubwa alipouliza kuna nini nilimwambia kwamba mashine haijapata habari kwamba yeye ameacha.

"Yanisubiri?" akauliza.

"Inakusubiri, Bimkubwa."

Alilifikiria hilo. Nadhani ndipo alipoanza kuionea huruma. Dada wa mitambo alikuja akaigomboa kutoka katika tabia ile, kidogo kidogo, kwa sababu alisema ukiisahaulisha kwa nguvu itasahau na mambo ya mvua. Ijumaa moja baada ya nyingine ukali ulipungua. Kabla hajaondoka mara ya mwisho, Bimkubwa alimkalisha, akamtilia kahawa, akamuuliza kama kuna namna ya maji kupata ubani bila kuudhi kisanduku. Dada alifikiri, akasema ipo: yatekwe bombani yakiwa tayari yametibiwa, yakae wazi mpaka harufu ya dawa iondoke, halafu afukize atakavyo, mradi yanywewe siku hiyo hiyo. Akaongeza kwamba vyombo viwe safi, na Bimkubwa akamtazama kwa namna iliyomfanya aombe radhi.

Sasa kando ya bomba la kikombe kuna mtungi wa udongo juu ya kigoda, wenye kata ya kifuu na kitambaa cheupe mdomoni. Alhamisi jioni Bimkubwa huuacha mtupu, akaujaza moshi, Ijumaa akautia maji aliyoyalaza wazi. Watu wakitoka kuswali hukinga bombani au huteka mtungini, wapendavyo. Vijana wa bandarini walianza kwa kuunusa na kuchekana. Siku hizi huja na marafiki zao. Kisanduku kila jioni hunitumia idadi ya lita zilizotoka, na Bimkubwa huniomba nimsomee. Ijumaa moja nilipomaliza kusoma aliuonyesha mtungi kwa kidole.

"Haya ya mtungini, yayaona?"

"Haiyaoni, Bimkubwa. Yakishatoka bombani haina habari nayo. Haijui kama yamenywewa au yamemwagwa."

"Si kitu," akasema. "Yana ayaonaye."

Akateka kata akanipa. Nilikuwa na mazoea ya kuonja na kutema, nikakaribia kugeuza kichwa, nikajizuia. Nilikunywa yote. Yalikuwa baridi, na ubani ulikuja mwisho, nyuma ya koo. Nilimrudishia kata, nikaaga, naye akaniuliza swali lake la kila jioni. Nikamjibu kwamba wamekunywa.

"Na wewe umo," akasema, akaingia ndani.

Nilibaki barazani na ufunguo mkononi. Muda wote ule nikimhesabia wanywaji, mimi sikuwa nimejihesabu.